Mwongozo kamili: jinsi ya kujinasua na onyo la GPA kabla hujadisko

Matokeo yakitoka na GPA, yaani wastani wa pointi za kozi zako, ikawa chini ya kiwango, wanafunzi wengi hufanya jambo lilelile. Wanajifungia siku mbili tatu, wanaapa kwamba muhula ujao watasoma kwa bidii, halafu wanajiandikisha mzigo uleule wa kozi na kuusoma kwa namna ileile. Muhula ukiisha, barua ya onyo inakuwa barua ya kuondolewa chuoni, yaani umedisko.

Wengi wao si wavivu wala si wazito wa kuelewa. Wameshindwa kwa sababu hawakujua wanahitaji alama ngapi, katika kozi zipi, na kabla ya tarehe gani. Kiapo cha kusoma kwa bidii hakijibu hata moja kati ya hayo matatu. Kwa hiyo tunaanza na hesabu, na kusoma kwenyewe kutafuata baadaye.

Mwongozo huu ni wa aliyepewa onyo, aliyewekwa chini ya uangalizi, na yule anayeona muhula huu unaelekea kubaya ingawa barua haijafika.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

Usianze bila hivi:

- Matokeo yako ya mihula yote, yakionyesha krediti (uzito) za kila kozi. Picha ya GPA peke yake haitoshi.
- Kanuni za mitihani za chuo chako. Angalia ni toleo gani linalokuhusu, kwa sababu baadhi ya vyuo humhukumu mwanafunzi kwa kanuni za mwaka aliojiunga.
- Barua ya onyo yenyewe, kama umeshaipata.
- Kalenda ya masomo: tarehe ya mwisho ya kuongeza au kufuta kozi, ya kuahirisha masomo, ya mitihani na ya rufaa.
- Muhtasari wa kila kozi ya muhula huu, ule unaoonyesha mgawanyo wa alama.
- Kikokotoo, daftari na kalamu.
- Vielelezo vya lolote lililokupata: vyeti vya hospitali, taarifa ya msiba, barua ya mwajiri. Vikusanye sasa. Baada ya miezi sita kuvipata ni kazi nyingine kabisa.

## Hatua ya 1: Soma kanuni mwenyewe

Habari za korido zimewaondoa watu chuoni. Mmoja anasema ukisapu kozi tatu (ukifeli ukatakiwa kurudia mitihani yake) umedisko, mwingine anasema nne, na wote wawili walisikia kwa aliyemaliza miaka mingi iliyopita. Fungua kanuni, tafuta majibu ya maswali haya na uyaandike:

- Kiwango cha chini ni GPA ya muhula, ya mwaka, au ya jumla? Katika mifumo mingi ya pointi nne kiwango cha kubaki salama ni 2.0, lakini usikisie cha chuo chako.
- Una muda gani wa kurudi juu: muhula mmoja, miwili, au mwaka mzima?
- Kuna kikomo cha kozi au krediti unazoruhusiwa kufeli?
- Ukirudia kozi, alama mpya inafuta ya zamani, au zote mbili zinahesabiwa? Au ya marudio huwekewa kikomo hata ukifanya vizuri kiasi gani?
- Kuna sharti la mahudhurio, au la alama za chini za kazi za muhula, kabla ya kuruhusiwa kuingia kwenye mtihani wa mwisho?

Kama unasoma kwa mkopo au ufadhili, soma na masharti ya huko. Mara nyingi yako juu ya yale ya chuo, na mtu anaweza kubaki salama chuoni huku fedha imekatwa.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuandika sentensi moja bila kusita: "Nisipofikisha GPA ya jumla ya kiasi hiki kufikia mwisho wa muhula huu, nitaondolewa."

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya unachohitaji

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo muhula unapookolewa.

GPA hupatikana hivi: pointi za kila kozi (katika mfumo wa pointi nne, A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni 0) zinazidishwa kwa krediti zake, majibu yote yanajumlishwa, kisha jumla inagawanywa kwa krediti zote. Kwa hiyo kozi ya krediti 4 ina uzito mara mbili ya kozi ya krediti 2. Ukiinua kozi ya krediti 4 kutoka D hadi C umeongeza pointi 4. Ukiinua ya krediti 2 kutoka B hadi A umeongeza 2 tu. Nguvu zako zielekee kwenye uzito.

Chukua mwanafunzi mwenye krediti 30 na GPA ya 1.7 katika mfumo wa pointi nne. Ana pointi 51. Muhula ujao anachukua krediti 15, na anataka kufikisha 2.0. Krediti zitakuwa 45, hivyo anahitaji pointi 90. Anazo 51, zimepungua 39. Gawanya 39 kwa 15: anahitaji wastani wa 2.6 muhula huo. Yaani mchanganyiko wa B na C. Inawezekana.

Sasa chukua mwenye GPA hiyohiyo ya 1.7 lakini keshafikisha krediti 60. Ana pointi 102. Akiongeza krediti 15 atahitaji pointi 150, kwa hiyo zimepungua 48. Gawanya kwa 15: wastani wa 3.2. GPA ni ileile, mlima ni mwingine kabisa. Ndiyo maana kusubiri ni hatari: kila krediti unayoimaliza chini ya kiwango inaifanya GPA iwe nzito zaidi kuinua.

Sasa rudi kwenye kanuni ya kurudia kozi. Yule wa kwanza, mwenye krediti 30 na pointi 51, ana F katika kozi ya krediti 4. Akiirudia akapata B, anaongeza pointi 12. Chuo chake kikifuta alama ya zamani, ana pointi 63 kwa krediti zilezile 30, yaani 2.1, na amevuka kwa kozi moja tu. Chuo kikihesabu zote mbili, ni 63 kwa krediti 34, yaani 1.85, na bado yuko shimoni. Mstari mmoja wa kanuni ndio unaoamua kama kurudia kozi hiyo ni dawa au ni kupoteza muhula.

Fanya hesabu hiyo kwa namba zako. Kisha shuka kwenye kila kozi. Tuseme kazi za muhula zina alama 40, mtihani wa mwisho 60, na ufaulu ni 50. Mwenye 22 za muhula anahitaji 28 kati ya 60, chini ya nusu ya mtihani. Mwenye 13 anahitaji 37, zaidi ya asilimia 61 ya mtihani, katika kozi ambayo muhula mzima amekuwa akipata theluthi moja tu ya alama. Huyo wa pili asijidanganye kwamba mtihani wa mwisho utamwokoa.

Tahadhari: wastani unaohitaji ukitoka juu sana ya chochote ulichowahi kupata, usikate tamaa na usijifanye hujauona. Maana yake ni kwamba njia yako inapitia hatua ya 5, kupunguza mzigo au kuahirisha, wala si kukesha zaidi.

Umefaulu ukiwa na karatasi moja yenye kila kozi, krediti zake, alama ulizonazo, na alama unazohitaji.

## Hatua ya 3: Tafuta chanzo kwenye alama, usikitafute kwenye lawama

Ukijiuliza kwa nini umefeli, jibu la kwanza litakuwa "sikujituma". Liweke kando kwanza, tazama namba, kwa sababu kila mchoro wa alama una chanzo chake.

Alama za kazi za muhula ni nzuri lakini mitihani inaanguka? Tatizo liko kwenye namna ya kusoma au hofu ya mtihani. Pengine kazi za nyumbani zilifanywa na kikundi, na wewe ukaweka jina tu.

Kazi kadhaa zina sifuri au hazikukusanywa? Uelewa wako hauna shida. Muda na ratiba ndivyo vilivyokuangusha.

Umeanguka kozi zenye hesabu peke yake? Kuna msingi uliokosekana huko nyuma, na kurudia kozi bila kurudi kwenye msingi kutakupa alama ileile.

Kila kitu kimeporomoka kwa mpigo katika muhula mmoja? Kuna jambo lilitokea: ugonjwa, msiba, kukosa ada, kazi ya usiku, mapenzi yaliyovunjika, huzuni isiyokwisha. Hili la mwisho nalisisitiza. Mtu asiyeamka kitandani, asiyelala, asiyeona faida ya chochote kwa wiki nyingi anahitaji daktari au mnasihi kabla ya ratiba ya kusoma. Nenda zahanati ya chuo au ofisi ya unasihi wiki hii. Ukiwaza kujidhuru, mwambie mtu leo.

Lipo pia suala la programu yenyewe. Kama kozi za fani ndizo zinazokuangusha huku za pembeni unapata vizuri, na hukuichagua fani hiyo kwa hiari yako, uliza kuhusu kuhamia programu nyingine kabla GPA haijafunga mlango huo.

## Hatua ya 4: Onana na mshauri wa kitaaluma, kisha wahadhiri

Aibu ndiyo inayowazuia wengi, na inawagharimu sana. Mshauri wa kitaaluma ameshaona GPA mbaya kuliko yako. Kitu asichoweza kukusaidia ni tatizo alilolisikia baada ya tarehe zote kupita.

Nenda na karatasi yako ya hatua ya 2. Usiende kusema "naomba ushauri", kwa sababu utapewa nasaha za jumla. Uliza hivi: nikirudia kozi hii, alama ya zamani inafutwa? Nikifuta ile, nitabaki na krediti za kutosha kuhesabiwa mwanafunzi kamili? Kozi hii nikiiacha itanizuia kuchukua ipi mwaka ujao? Ukitoka, muandikie ujumbe mfupi ukirudia mlichokubaliana. Siku ukihitaji kukata rufaa, ujumbe huo ni ushahidi kwamba ulitafuta msaada mapema.

Kwa mhadhiri, kuwa mahususi zaidi. Mfano wa ujumbe:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wako wa Takwimu, mwaka wa kwanza. Jaribio la kwanza nimepata 9 kati ya 20. Nimerudia maswali yote, nimekwama swali la 3, pale tunapochagua jaribio la kutumia. Naomba dakika kumi katika saa zako za kuonana na wanafunzi nikuonyeshe nilipofikia."

Ujumbe huo unajibiwa, kwa sababu unaonyesha umeshafanya kazi na unajua ulipokwama. "Mwalimu naomba unisaidie nipite" haujibiki, na unaweza kueleweka vibaya.

Zungumza pia na anayekulipia ada. Mzazi au mlezi anayeambiwa mapema huumia, lakini anaweza kusaidia. Anayeambiwa siku ya barua ya kuondolewa huumia mara mbili, na hana tena la kufanya.

## Hatua ya 5: Punguza mzigo kabla ya tarehe ya mwisho

Kozi iliyofutwa kwa utaratibu, ndani ya muda, kwa kawaida haiingii kwenye hesabu ya GPA. Kozi uliyoacha kuhudhuria kimyakimya inaingia kama F. Mwaka huohuo, mwanafunzi yuleyule; tofauti ni fomu moja.

Kwa hiyo angalia karatasi yako. Ipo kozi ambayo alama unazohitaji kwenye mtihani hazifikiki? Hiyo ndiyo ya kufutwa, kama kanuni zinaruhusu. Nguvu zake zihamishie kwenye kozi zinazookoleka, ukianza na zenye krediti nyingi.

Kuahirisha muhula mzima kunafaa pale chanzo chenyewe, kama ugonjwa, uzazi au ukosefu wa ada, hakitaisha ndani ya muhula huu. Omba kwa maandishi, ambatisha vielelezo, na usiondoke hadi upate kibali. Kuondoka bila kibali ni kutoroka masomo, na wanaoondoka hivyo hurudi na kukuta wameshafutwa.

Tahadhari: kabla ya kufuta kozi hakikisha mambo manne: ufadhili wako, makazi ya chuo, kibali cha ukaazi kama unasoma nchi ya kigeni, na kama kozi hiyo ni sharti la kozi nyingine.

## Hatua ya 6: Pima wiki yako kwa ukweli

Kipimo kinachotumika sana vyuoni ni saa mbili za kusoma binafsi kwa kila saa moja ya kipindi. Krediti 15 zenye saa 15 za vipindi kwa wiki zinadai jumla ya saa 45. Ukiwa na kazi ya saa 25, umefika 70 kabla hujapika, hujafua, hujasafiri. Hapo hakuna ratiba itakayokuokoa. Kitu kimoja lazima kipungue, ama saa za kazi ama kozi.

Weka vipindi kwanza, kisha usingizi, kisha kazi, na nafasi zinazobaki uzipe majina: "Jumanne saa 10 jioni, maswali ya Takwimu sura ya 2." Ukiandika "kusoma" tu, muda huo utaliwa na simu.

## Hatua ya 7: Acha kusoma kwa macho, anza kujiuliza

Mwanafunzi anayesoma notisi mara tano na kupiga mistari ya rangi huhisi ameelewa. Ameyazoea maneno tu. Kuyatoa kichwani bila kuyaona ni kitu kingine, na mtihani unadai hicho cha pili.

Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima hili. Wanafunzi waliosoma kifungu mara mbili waliwashinda kidogo waliosoma mara moja kisha wakajipima, pale walipoulizwa baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka takriban asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Mtihani wa chuo hauji baada ya dakika 5.

Fanya hivi kwa kila mhadhara, siku hiyohiyo:

1. Funga notisi. Kwenye karatasi tupu andika yote unayokumbuka, kwa dakika 10.
2. Fungua, na kwa kalamu ya rangi nyingine jaza ulichosahau. Rangi hiyo ndiyo orodha yako ya kusoma, nyingine unazijua.
3. Geuza kila kichwa cha habari kuwa swali. "Aina za mikataba" inakuwa "Mkataba batili na mkataba unaobatilika hutofautianaje?"
4. Jibu maswali hayo bila notisi kesho yake, baada ya siku tatu, na baada ya wiki.

Kwa kozi za hesabu, kufuatilia swali lililokwisha kufanywa ni mtego mkubwa kuliko yote, kwa sababu kila mstari unaonekana wa wazi. Funika jibu, lifanye mwenyewe hadi mwisho. Ukikwama tazama mstari mmoja tu, ufunike tena. Mitihani iliyopita ifanye kwa saa, mezani, bila simu, na uisahihishe kwa ukali kama mhadhiri angefanya.

Na ulale. Kinachosomwa mchana hujijenga kichwani usiku. Anayekesha siku tatu kabla ya mtihani anabomoa alichokijenga.

Umefaulu ukiona karatasi yako tupu ya wiki ya tatu inajaa bila kufungua notisi. Wiki za mwanzo itakuwa na mistari michache na itakukera. Hiyo ni kawaida, endelea.

## Hatua ya 8: Kagua kila wiki ya nne

Rudi kwenye karatasi ya hatua ya 2, jaza alama mpya, piga hesabu tena. Kozi iliyo chini ya mahitaji kwa ukaguzi wa kwanza inapewa saa zaidi na unaonana na mhadhiri. Iliyo chini kwa ukaguzi wa pili inarudishwa hatua ya 5, kama tarehe bado haijapita.

Usikose kazi hata moja ya muhula. Kazi mbovu yenye alama 4 kati ya 10 ni bora kuliko sifuri. Ukiumwa siku ya mtihani, toa taarifa kwa maandishi kabla ya kuingia. Katika baadhi ya vyuo ukishafanya mtihani unahesabika ulikuwa mzima.

Kuna kishawishi kingine: kununua kazi iliyoandikwa tayari au kuingia kwenye mtihani na kibomu (karatasi ya majibu iliyofichwa). Nakuomba usiguse. Aliyeondolewa kwa GPA ana rufaa na anaweza kurudi. Aliyeondolewa kwa udanganyifu huenda na doa linalomfuata hadi chuo kingine.

## Hatua ya 9: Barua ya kuondolewa ikifika

Soma tarehe kwanza. Muda wa rufaa huwa mfupi, na rufaa iliyochelewa mara nyingi haisomwi hata ikiwa ya haki.

Tofautisha maombi mawili. Ukiamini alama ilikosewa kujumlishwa au kusahihishwa, unaomba mtihani upitiwe upya. Ukikubali alama lakini una sababu ya kuhurumiwa, unakata rufaa dhidi ya kuondolewa. Ukizichanganya katika barua moja, kamati inaona mtu anayelalamika kila upande.

Barua ya rufaa isizidi kurasa mbili, na ijibu mambo matatu: nini kilitokea, nini kimebadilika, na utafanya nini. Hili la pili ndilo linaloamua. Kamati inajiuliza swali moja: tukimrudisha, muhula ujao utakuwa tofauti?

Barua dhaifu husema: "Nilikuwa na matatizo ya kifamilia. Naahidi kusoma kwa bidii, naomba nafasi ya mwisho."

Barua yenye nguvu husema: "Kuanzia wiki ya 5 hadi ya 11 nilikuwa nikimuuguza mama yangu, nimeambatisha taarifa ya hospitali. Nilikosa majaribio mawili na sikutoa taarifa kwa wakati, jambo ambalo ni kosa langu. Sasa dada yangu anaishi naye. Nimeonana na mshauri wangu wa kitaaluma, na tumekubaliana nichukue krediti 12, mbili kati ya kozi hizo zikiwa za marudio. Nikipata wastani wa 2.5, GPA yangu ya jumla itafika 2.03, hesabu iko kiambatisho C."

Usimlaumu mhadhiri bila ushahidi, na usitunge ugonjwa, vyeti huhakikiwa. Mpe mtu mwingine aisome kabla hujaipeleka.

Rufaa ikikataliwa, uliza kwa maandishi masharti ya kudahiliwa upya na unaweza kuomba lini. Omba pia transkripti yako (hati rasmi ya matokeo yako yote), kwani kozi ulizofaulu zinaweza kutambuliwa na chuo au programu nyingine.

Ukipeleka barua kwa mkono, nenda na nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na urudi nayo.